Rainbow, Endeavour, Bluenose au America: uanze kujenga modeli ipi?

Picha ya kwenye boksi ndo inauza hizi seti za kujengea modeli za yoti. Tanga zimejaa, bodi inang'aa kama gari limetoka kwa fundi rangi leo asubuhi, na we unajiona tayari umeshaiweka sebuleni. Mi pia nilianza hivyohivyo. Ila kabla hujatoa hela yako naomba unisikilize kitu kimoja: kwa modeli za yoti za mashindano za zamani usichague kwa tanga, chagua kwa bodi, yani umbo zima la chombo bila milingoti. Tanga na kamba ni kazi ya mwishoni na ina raha yake, bodi ndo utakaa nayo miezi na hapo ndo wengi wanaachia njiani, boksi linapanda juu ya kabati halishuki tena.

Nalinganisha nne ambazo nazifahamu kwa mikono. Rainbow na Endeavour za Amati wa Italia kwa skeli 1:80 (sentimita 1 ya modeli ni sentimita 80 za chombo halisi), na hiyo Endeavour ipo pia kubwa ya 1:35. Bluenose ya Model Shipways, 1:64. Na America ya Mamoli, 1:66. Rainbow na Bluenose nimezimaliza mwenyewe, America tulijenga na mtoto wa dada yangu akiwa likizo, na ile Endeavour kubwa sikuinunua mimi ila rafiki yangu aliijenga mwaka mzima na karibu kila Jumapili nilikuwa kwake nimeshika msasa, kwa hiyo naisemea kwa haki.

Tuanze na saizi, chukua futi kamba kabisa. Endeavour halisi ina urefu wa kama mita 39.5 na mlingoti wake unakaribia mita 50, maana yake kwa 1:80 bodi inakuja kama sentimita 49 na mlingoti 63, ukiongeza mkuku (uti wa mgongo wa chini ya chombo) na stendi ya kuisimamishia unapita sentimita 70 kwenda juu. Hiyo inakaa kwenye shelfu bila ugomvi na mtu. Sasa ichukue ya 1:35: bodi mita 1.13, mlingoti peke yake zaidi ya mita 1.4, na ukiisimamisha na stendi yake unakaribia mita 1.6, yani kimo cha mtu mzima kimesimama ndani ya chumba. Rafiki yangu aliiweka juu ya meza ndogo ya pembeni na siku hiyohiyo tukagundua ncha ya mlingoti iko usawa wa pangaboi. Pangaboi ndo likahamishwa. Bluenose kwa 1:64 bodi yake ni kama sentimita 68 ila dasturi (ule mti wa mbele) inatokeza mbele na bumu (mti wa chini) la tanga kubwa linatokeza nyuma, andaa nafasi ya zaidi ya sentimita 80, kwenda juu mlingoti mkubwa ni kama 60 kutoka kwenye deki. America ndo ndogo, bodi kama sentimita 47, na dasturi yake unafika kwenye 60 hivi.

Haya, bodi sasa.

Rainbow na Endeavour ni za daraja la J, zile yoti ndefu nyembamba za miaka ya 1930 ambazo enzi zile zilijengwa 10 tu, basi. Omo, yani mbele ya chombo, inatokeza mbali juu ya maji, tezi, yani nyuma, nayo hivyohivyo, na katikati tumbo linazama taratibu mpaka linakuwa mkuku. Ukiiangalia kwa ubavu ni mstari mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, mzuri mno, mi sijaona chombo chenye mstari mzuri kama ule, na huohuo mstari ndo mtihani wake. Mbao za modeli ni vipande virefu vyembamba, na pale tumbo linapoingia kwenye mkuku ubao unatakiwa ujipinde, ujisokote na uwe umechongwa mwembamba kuelekea ncha, vyote kwa pamoja. Ukiulazimisha unanyanyuka ukingo mmoja na unapata ngazi ndogo ambayo huioni ila kidole kinaiona. Kwa hiyo unaloweka, unapasha moto kwa pasi ndogo, unaubana, unasubiri ukauke kwenye umbo lake, ndo unagundisha. Kwenye Rainbow yangu kuna mbao nilizirudia mara tatu, zile za karibu na mkuku upande wa kulia, mpaka leo nikiiangalia macho yanaenda palepale.

Afu kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakuambii. Endeavour halisi haikuwa ya mbao, ilikuwa ya mabati ya chuma, imejengwa na Camper and Nicholsons pale Gosport, Uingereza. Rainbow nayo ilikuwa ya madini, imejengwa kwa Herreshoff kule Bristol, Rhode Island. Maana yake modeli yake haitakiwi ionyeshe mshono wa ubao hata mmoja. Ukimaliza kupandisha mbao ndo kwanza unaanza kazi ya gereji: puti, msasa namba 120, praima, unaona mabonde ambayo hukujua yapo, puti tena, 240, praima, 400, na kuendelea hivyo mpaka uchoke au ikubali. Mtu anayependa hiyo kazi atafurahi sana. Mtu anayependa mbao kwa sababu ni mbao, anataka azione, aipake vanishi na isomeke kuwa ni mbao, huyo J itamuuma roho.

Kati ya hizo mbili za 1:80, kama ni J yako ya kwanza chukua Rainbow, na sababu yangu ni rangi. Rainbow ilikuwa nyeupe. Endeavour ni bluu iliyokolea, na rangi iliyokolea inayong'aa inatoa kila wimbi lililobaki kwenye bodi, muulize fundi rangi yeyote kati ya gari jeusi na gari jeupe lipi linamnyima usingizi. Nyeupe inasamehe. Mi bodi yangu haikuwa nzuri kivile na bado watu wanaipapasa wanadhani ni plastiki ya kumwagwa kiwandani, ingekuwa bluu ningeaibika.

Ila kwa hadithi, jamani, Endeavour inabeba. Mwenyewe alikuwa Sopwith, yule mtengeneza ndege za vita, na aliichukulia yoti kama anavyochukulia ndege, mpaka vifaa vya kupima upepo akaviweka. Septemba 1934 wakakutana na Rainbow ya Harold Vanderbilt nje ya Newport kugombea Kombe la America, lile kombe kubwa la mbio za yoti. Mabaharia wake wengi wa kulipwa walikuwa wamegoma wakidai nyongeza kabla hawajaondoka Uingereza, akajaza nafasi na watu wa kujitolea wanaopenda tanga. Na bado akashinda mbio mbili za mwanzo! Mbio ya tatu alikuwa anaongoza vizuri kabisa kwenye kipande cha mwisho cha mbio, Vanderbilt ameshampisha Sherman Hoyt kwenye usukani wa Rainbow, na Hoyt akamvuta Sopwith kwa akili akageuza chombo pasipo na haja, Rainbow ikapita. Mbio ya nne Sopwith akataka kulalamika, kamati ikakataa hata kumsikiliza kwa sababu bendera ya malalamiko hakuipandisha papo hapo. Ikaisha 4 kwa 2. Ni yoti chache za Uingereza zilizokaribia kulichukua lile kombe kwa namna ile, hata mzee Lipton, huyohuyo wa majani ya chai, alijaribu mara 5 na yoti zake zilizoitwa Shamrock kuanzia 1899 mpaka 1930 akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo nikimwona mtu anajenga Endeavour pamoja na shida zake zote namuelewa. Na kama una nafasi kwenye shelfu, zijenge zote mbili za 1:80 uziweke pamoja, moja imetangulia kidogo. Skeli ni moja, mwaka ni mmoja, na we mwenyewe utaamua nani atangulie.

Angalizo moja la Endeavour. Picha karibu zote utakazozikuta intaneti ni za baada ya 1989. Chombo kilikuwa kimeoza kutu, Elizabeth Meyer akakinunua 1984, kikafufuliwa na kurudi baharini 1989, na deki yake ya sasa siyo ile ya mashindano ya 1934, kuna kibanda, kuna reli, kuna winchi za kisasa. Sasa watu wanachanganya, mlingoti wa 1934 na deki ya leo, na ukishaigundisha hairudi. Amua kabla hujafungua boksi unajenga mwaka gani, afu zile picha za mwaka mwingine usizihifadhi kabisa kwenye simu.

Bluenose ni mambo mengine. Hii siyo yoti ya matajiri, ni skuna ya wavuvi (skuna ni chombo cha tanga chenye milingoti miwili au zaidi), na kuna watu watakwambia haihusiki kwenye orodha ya yoti za mashindano. Mi naiweka, tena kwa moyo wote. Ilishushwa majini Lunenburg, Nova Scotia, tarehe 26 Machi 1921, aliyeichora ni William Roué, nahodha Angus Walters, na kanuni za kombe la wavuvi zilitaka chombo kiwe kimefanya kazi ya uvuvi kwelikweli, siyo kilichojengwa kwa ajili ya mbio tu. Ikavua msimu, Oktoba ikaenda kushindana na skuna Elsie ya Gloucester, Marekani, ikashinda, na tangu hapo hadi mbio za mwisho za 1938 hakuna aliyeipokonya lile kombe. Wakanada wakaiweka kwenye sarafu yao ya senti 10 mwaka 1937 na hadi leo ipo. Iligonga mwamba Haiti 1946 ikaishia hapo. Sisi watu wa pwani tunajua chombo kinachobeba mzigo wiki nzima afu kinatolewa kushindana, angalia majahazi ya Lamu siku za mashindano, kwa hiyo Bluenose haihitaji utambulisho mrefu.

Kwenye mikono bodi yake ni rafiki. Tumbo pana, mikunjo ya polepole, na halisi yake ilikuwa ya mbao, kwa hiyo mshono ukionekana kwa mbali chini ya rangi nyeusi hakuna kosa, ndivyo ilivyokuwa. Ya Model Shipways mbao zake ni laini, unapandisha tabaka moja juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya plaiwudi. Ubaya wa tabaka moja ni kwamba hakuna la pili la kuja kufunika makosa, basi mataruma yako lazima uyasawazishe vizuri kabla ya ubao wa kwanza, pitisha kipande cha ubao juu yake kutoka omo hadi tezi, kiguse kila taruma bila kuruka wala kubenuka. Siku tatu za hiyo kazi zinaokoa mwezi mzima mbele. Na jihadhari na vile vijiti vya mataruma vinavyopanda juu ya deki kushika ukuta wa pembeni, ni vyembamba, mi nilivunja vinne kwa kiwiko tu wakati nageuza bodi.

Kwenye Bluenose mzigo unahamia juu. J ina mlingoti mmoja na waya za kuhesabika. Bluenose ina milingoti miwili na tanga 8 ukizipandisha zote, kila tanga na jarari zake (kamba za kulipandishia), demani zake (kamba za kuliongozea), na kapi ndogondogo za milimita 3 ambazo ukizidondosha kwenye zulia ndo kwaheri. Shrauda, zile kamba za pembeni zinazoshika mlingoti, zinakazwa kwa vile viduara vya mbao vyenye matundu matatu, unapitisha uzi tundu kwa tundu na vyote vikae usawa mmoja pande zote mbili. Deki nayo imejaa vitu, kebini, pampu, winchi ya nanga, na vile vihori vya kuvulia vimepangwa kimoja ndani ya kingine kama mabakuli. Mi kwa upande wangu ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote, kila jioni unamaliza kitu kimoja kidogo na unakiona. Kwenye J unaweza kupiga msasa wiki mbili na mtu akiingia chumbani anakuuliza mbona hujafanya kitu.

Kingine, usinunue Bluenose II ukidhani ni Bluenose. Bluenose II ni ya 1963, imejengwa Lunenburg hukohuko kwa umbo lilelile la nje ila deki ni ya chombo cha abiria na ina injini. Artesania Latina wanayo hiyo ya pili kwa 1:75 na ni seti nzuri tu, ila ni chombo kingine, vihori vya uvuvi na maisha yote ya kazi hayapo. Soma jina mpaka mwisho.

Sasa America, na hapa nitasema wazi kwamba hii ndo ningempa mtu anayeanza. Hii ndo iliyolipa kombe jina lake. Aliichora George Steers, ikajengwa New York, ikavuka bahari, na tarehe 22 Agosti 1851 ikazunguka kisiwa cha Isle of Wight na kuziacha yoti za Waingereza nyuma kwenye maji yao wenyewe, na kombe likakaa Marekani miaka 132 mpaka Australia II ilipolichukua 1983. Enzi zile yoti za Waingereza zilikuwa nene mbele na nyembamba nyuma, kichwa cha samaki na mkia wake. Steers akafanya kinyume, omo kali iliyobonyea kidogo kwa ndani, unene wote ukasogea katikati kurudi nyuma. Na tanga zake zilikuwa za pamba zilizonyooka bapa wakati wenzake walikuwa na tanga za kitani zinazobinuka kama mfuko.

Hii yote ina faida kwako mjengaji. Tanga ni chache, mbili kubwa, moja ya mbele, na ya juu ndogo. Deki ni tupu karibu yote. Bodi ni ya mbao na ni fupi, kwa hiyo mbao ni fupi na hazipigani na we. Ugumu uko sehemu mbili tu, ule ubonyeo wa omo, ambapo ubao unataka kuinuka na inabidi uubane mpaka gundi ikauke kabisa usiku kucha, na milingoti ambayo imelala nyuma sana. Hiyo mlalo ndo sura ya America, ukiisimamisha wima umejenga skuna yoyote tu. Tulikata kipembe cha karatasi ngumu kufuata mchoro tukakitumia kupimia milingoti yote miwili, na mtoto wa miaka 13 aliiweka sawa mara ya kwanza. Chombo chenyewe halisi kiliharibiwa 1942 pale Annapolis, paa la banda lilianguka kwa uzito wa theluji, kwa hiyo hakuna ya kwenda kupiga picha, utategemea michoro.

Hela sasa. Zile tatu ndogo na Bluenose ziko kwenye ngazi ambayo mtu anaweza kujibana miezi kadhaa akapata. Endeavour ya 1:35 ni zaidi ya mara mbili ya dada yake ya 1:80, na boksi lake ni refu, kwa hiyo usafiri nao unapanda na ushuru unapigwa juu ya jumla, piga hesabu ya vyote siyo ya duka tu. Na wahenga walishasema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, basi weka akiba ya kisu kizuri chenye wembe za kubadilisha, koleo ndogo, drili ya mkono ya vitundu vya milimita moja kushuka, vibanio vingi (vile vya kuanikia nguo vinafaa sana), gundi nyeupe ya mbao na misasa ya kila namba.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Supaglu inaganda kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar inakamata kabla hujasogeza ubao mahali pake, na chupa ukiiacha wazi ndani ya wiki imekuwa jiwe. Tumia gundi nyeupe kwa bodi, supaglu ibaki ya mafundo ya kamba. Mbao nazo zikifika zifungue uziache chumba hichohicho utakachojengea siku kama tano zizoee hewa, maana ukizigundisha siku ya kwanza zitavimba au kusinyaa zikiwa tayari kwenye chombo na mshono utafunguka. Na ule mkuku wa plaiwudi uangalie kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha kama unavyoangalia mbao kwa muuza mbao. Ukiwa umepinda, ulowanishe kidogo, ulaze juu ya kioo, weka vitabu vizito juu, ngoja mpaka unyooke. Usianze na mkuku uliopinda ukidhani mbao zitaunyoosha, hazitaunyoosha.

Kwa hiyo kama hujawahi kujenga kitu, America. Kama umeshajenga moja au mbili na unapenda kamba, vifundo, vitu vidogo vya deki, na una mtu nyumbani atakayevumilia meza kukaliwa miezi 8 au 10, Bluenose, na hii ndo mi nikiambiwa nibaki na moja tu nabaki nayo. Kama we ni mtu wa kupaka rangi na msasa haukuchoshi, Rainbow ya 1:80 kwanza, Endeavour ya 1:80 baada yake, na ile ya 1:35 usiiguse mpaka umemaliza angalau J moja ndogo, kwa sababu ukubwa hauifanyi iwe rahisi, kila bonde linakuwa kubwa zaidi ya mara mbili na mwanga wa dirishani unalikuta tu.

Ukishalipata boksi lako usikate kitu siku hiyo. Toa kila kipande, hesabu ukilinganisha na orodha, andika namba za mataruma kwa penseli kabla hujayachomoa kwenye plaiwudi yake, maana taruma la 7 na la 8 yanafanana kama mapacha na tofauti yao utakuja kuiona pale ubao unapokataa kulala.